Mrundi Aliyejua Kadi

Jumatatu, 5 Machi

Nimeamka saa kumi na mbili. Mguu wa bandia nimeufunga vibaya, nikaufungua, nikaufunga tena. Chai na chapati mbili. Dada Koleta alikuwa tayari na madereva saba kibandani kwake hapa Nyakanazi, wote wanataka supu kwa wakati mmoja. Nimekaa benchi la nyuma na laptop yangu kuukuu.

Gemu la malori limeshushwa hadi chini kabisa, vinginevyo haliendi. Vivuli hakuna. Mvua hakuna. Miti inaota ghafla mbele ya boneti. Saitimira zote mbili nimezizima, nyeusi tii, kwa sababu nikiziwasha picha inakwama. Dereva asiye na saitimira hajui kinachokuja nyuma yake.

Fidia ya mguu imeingia. Kiasi sikiandiki. Koleta anataka ninunue mashine ya kusaga. Mimi nataka laptop yenye kadi ya grafiksi itakayolibeba gemu hili likiwa juu kabisa. Vivuli juu, mvua juu, saitimira juu. Koleta ameniita mtoto. Nina miaka thelathini na nne. Nimevuta semitrela miaka tisa, Dar hadi Kigali. Kwenye gemu breki iko kidoleni, na vidole bado ninavyo kumi.

Spesiyoza, mama anayemwoshea Koleta vyombo, ameniita Raurenti tena. Naitwa Laurenti. Nimechoka kumsahihisha.

Jumanne, 6 Machi

Mvua. Masanja amesimama hapa akielekea Rusumo. Anaendesha lori lililokuwa langu kabla ya ajali. Ameweka pazia jipya jekundu dirishani. Sura ya danguro.

Hata hivyo Masanja ni mtu wa barabara, mtu wetu. Nimemweleza ninachotaka. Akasema kuna duka analijua Dar, ataniletea chuma. Hakuuliza swali hata moja. Nimeipenda hiyo.

Alhamisi, 8 Machi

Chaja ya laptop kuukuu imekufa. Nimekwenda kwa fundi simu mpya, yule aliyepanga kibaraza cha duka la mbolea. Mwembamba, miwani imefungwa kwa waya. Anasema anaitwa Dezi, Muha wa Kibondo. Chaja ameitengeneza kwa dakika kumi. Halafu akafungua gemu langu bila kuniomba, akacheka.

Sikumwambia acheke.

Akaniuliza nataka kununua nini. Nikamwambia laptop ya gemu, yenye nguvu. Akasema nguvu siyo jibu. Yapo maswali manne, na muuzaji asiyeyajibu nimkimbie. Kwanza, kadi ni ya kujitegemea au ni ile iliyoshonwa ndani ya prosesa, inayoazima RAM ya kompyuta? Pili, kama inajitegemea, ina kumbukumbu yake ya GB ngapi? Kwa saitimira na vivuli vikiwa juu, nne zinabana, sita zinatosha. Tatu, imeruhusiwa kula wati ngapi? Kwa sababu laptop mbili zinaweza kuwa na kadi ya jina moja, na moja imefungwa gavana kama basi la abiria. Nne, skrini ina nukta ngapi? Skrini ya kifahari inaipa kadi mzigo mara nne.

"Wewe dereva," akasema, "jina lililoandikwa kwenye bodi halijawahi kuvuta mzigo mlimani."

Alisema kweli. Ndiyo maana nilikasirika. Sikwenda pale kufundishwa malori.

Ijumaa, 9 Machi

Nimepita kibarazani kwake. Alikuwa anaongea kwenye simu, amenipa mgongo. Alisema "ego". Akasema tena, "ego, ego." Kama mama yangu anavyoitikia kule Ngara. Kihangaza chetu na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Neno hilo hata Waha wanalo, lakini lafudhi ilikuwa ya ng'ambo ya mpaka. Huyu si Muha.

Mrundi. Mkimbizi wa kambini.

Jumapili, 11 Machi

Kanisani. Padri amehubiri juu ya mgeni na jirani. Nimetazama saa.

Niandike mara moja, basi. Nilikuwa napeleka unga kambini. Barabara ya Kibondo, vumbi, mteremko. Mtu wa kambini akavuka na mzigo wa kuni kichwani. Nikamkwepa. Lori likalala. Mguu ukabaki chini ya kabini. Unga ulikuwa wao, kuni zilikuwa zao, mguu ulikuwa wangu. Walipoingia miaka mitatu iliyopita watu wa hapa walisema tuwapokee, ni ndugu. Sina ndugu wa namna hiyo.

Na sasa mmoja wao ananiambia laptop gani ninunue.

Jumatatu, 12 Machi

Masanja ametuma picha kutoka Dar. Laptop nyembamba, ya rangi ya fedha, kama kioo cha bibi harusi. Kibandiko kimeandikwa i7. RAM 16. Skrini ya 4K. Nimekaa nikiitazama nusu saa.

Nikampelekea Mrundi. Kwa nini nilimpelekea? Nilitaka aone kwamba sihitaji msaada wake.

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Akasema kibandiko hicho ni cha prosesa, hakisemi chochote kuhusu kadi. Akasema mwili mwembamba vile hauna nafasi ya kadi ya maana wala ya feni. Akasema skrini ya 4K kwa kadi ya kuazima ni semitrela kuvutwa na pikipiki. Aambiwe muuzaji afungue orodha ya vifaa kwenye kompyuta. Yakionekana majina mawili ya kadi, tuongee. Likionekana moja, tuachane nayo.

Halafu akaniambia iko moja Biharamulo mjini, dukani kwa Mzee Salum. Ya zamani kidogo, nene, nzito, nyeusi, yenye sura mbaya. Kadi yake ina GB 6, imeachiwa wati zake zote. Chaja yake kubwa kama tofali. Skrini ya kawaida. "Inapiga kelele kama mashine ya kukoboa," akasema. "Lakini itapanda mlima."

"Salum anakupa kiasi gani ukimpelekea mteja?" nikamuuliza.

Aliweka bisibisi chini. Alinitazama bila kupepesa. "Wewe hutaki kadi," akasema. "Wewe unataka mtu wa kumlaumu. Subiri kidogo, utampata."

Ningekuwa na miguu miwili ningempiga.

Jumatano, 14 Machi

Nimemwambia Masanja anunue ile ya fedha. Nimeshatuma hela. Koleta amekata vitunguu kwa nguvu.

Orodha ya vifaa sikumwambia aulize. Nilikumbuka. Nikaacha makusudi.

Jumamosi, 17 Machi

Hakuna jipya. Mvua, matope, madereva wanalalamika foleni ya mizani. Kisiki cha mguu kinauma mvua ikinyesha. Kule ng'ambo ya barabara Mrundi ana wateja wengi kuliko duka la mbolea lenyewe. Anawacheka wote. Mwenye simu iliyoingia maji anachekwa, aliyesahau namba ya siri anachekwa. Nao wanarudi. Sielewi watu.

Jumanne, 20 Machi

Imefika. Masanja ameileta imefungwa ndani ya blanketi. Nzuri mno. Koleta mwenyewe ameigusa kwa mgongo wa kidole.

Nimeingiza gemu. Imechukua saa nzima. Nikapandisha kila kitu juu.

Picha moja. Nyingine. Nyingine. Kama mtu anakuonyesha albamu. Gemu lina kona ya juu inayosema linatoa picha ngapi kwa sekunde: tisa. Nikawasha saitimira: sita. Nikashusha vivuli: kumi na moja. Nikashusha kila kitu hadi chini, kama kwenye ile kuukuu, na saitimira nyeusi. Ikaenda.

Chini imewaka moto, siwezi kuiweka mapajani. Kwenye paja moja hisia bado zipo.

Nimefungua orodha ya vifaa. Jina la kadi ni moja.

Jumatano, 21 Machi

Siku mbaya.

Saa saba mchana kibanda kilikuwa kimejaa. Nilikuwa najaribu kupunguza ukubwa wa picha, labda skrini ikifanywa ndogo kadi itapumua. Mrundi aliingia kununua wali. Alisimama nyuma yangu na sahani mkononi. Sikumsikia.

"Jina moja?" akauliza.

Niliendelea kubonyeza.

"Mabibi na mabwana," akasema, na madereva wote wakageuka, "huyu ndiye dereva wa kwanza kununua lori kwa sababu ya rangi."

Walicheka. Wote. Madereva niliokula nao vumbi miaka tisa. Spesiyoza alicheka kwenye beseni lake. Koleta aligeuza uso, lakini mabega yake niliyaona.

Nilisimama vibaya, benchi likaanguka, nikaanguka nalo. Hapo wakaacha kucheka. Ilikuwa afadhali wangeendelea. Mrundi alikuwa wa kwanza kunishika mkono aninyanyue. Nikautemea mkono wake. Namaanisha hivyo hivyo: nilimtemea mate mkononi.

Alijifuta kwenye suruali. Akachukua sahani yake akatoka.

Alhamisi, 22 Machi

Nimekwenda ofisini kwao, hao wanaoshughulika na watu walio nje ya kambi bila kibali. Nimepanda bodaboda. Nilingoja kwenye benchi dakika arobaini. Nilikuwa na muda wa kuondoka. Sikuondoka.

Nilisema jina, kibaraza, na miwani yenye waya. Nilisema anajiita Muha na siye. Ofisa aliandika. Hakuonyesha furaha wala chuki. Aliniuliza kama kuna wengine. Nikasema sijui, watazame wenyewe.

Nimekula vizuri jioni.

Ijumaa, 23 Machi

Wamekuja saa tatu asubuhi, gari mbili. Nilikuwa benchi la nyuma.

Walianza kwa Mrundi. Hakukimbia. Aliomba dakika moja, akarudisha simu za watu kwa mwenye duka la mbolea, moja moja, akimwambia ipi ni ya nani na imebakiza nini. Hilo lilichukua zaidi ya dakika. Walimwacha amalize. Halafu akapanda gari mwenyewe.

Kisha wakavuka barabara.

Sikuelewa wanakuja kwa nani. Walipita meza zote, wakaenda uani, wakasimama kwenye beseni. Spesiyoza aliinuka na mikono ina povu. Walimwuliza anatoka wapi. Akasema Rulenge. Wakamwuliza mwenyekiti wake wa kijiji ni nani. Akamtazama Koleta. Koleta akasema, "Ni ndugu yangu." Ofisa akasema, kwa adabu kabisa, "Mama, usijiingize."

Watu tisa kwa jumla. Wauza ndizi wawili. Mzee mmoja wa kushona viatu. Mimi nilijua mmoja tu. Spesi ameishi hapa miaka miwili na sikuwahi kumuuliza hata swali moja. Nilikuwa namsahihisha jina langu tu.

Koleta amemfungia kitenge na sabuni kwenye mfuko wa rambo, gari likiwa limeshawashwa. Hakuwahi. Mfuko bado uko mezani.

Jumapili, 25 Machi

Matawi. Sikwenda. Nilimwambia Koleta mguu unauma. Haukuuma.

Jumanne, 27 Machi

Masanja amepita akirudi kutoka Rusumo. Nimemwonyesha orodha ya vifaa, jina moja. Amejikuna kichwa. "Laurenti, uliniambia laptop ya gemu. Nikamwambia wa dukani laptop ya gemu. Akanipa ya bei kubwa. Mimi najua matairi." Hakunidanganya. Hakujua, basi, na mimi sikumwambia aulize. Nilitaka kumgombeza na sikupata pa kuanzia.

Akauliza yule fundi mcheshi wa ng'ambo yuko wapi, redio ya lori lake imekufa.

Nikamwambia amehama.

Alhamisi, 5 Aprili

Pasaka imepita. Sitaki kuiandika. Koleta amepika pilau, hatukuongea.

Leo nimekwenda Biharamulo mjini, nimeibeba ile laptop ya fedha. Sikumwambia mtu. Basi la asubuhi, mguu nimeuweka kwenye njia, kondakta akaniruka kila mara.

Duka la Mzee Salum liko karibu na soko. Babu yake alikuja kutoka Pangani akiuza chumvi, na wao wamebaki, wanauza betri na redio. Nimempa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. Kisha akauona mguu.

"Wewe ndiye dereva wa Nyakanazi," akasema.

Ametoa laptop chini ya meza. Nyeusi, nene, yenye sura mbaya kama nilivyoambiwa. Akasema imekuwa imefungwa kwa ajili yangu tangu mwezi uliopita. Yule kijana mwenye miwani alikaa nayo siku mbili nzima. Aliifungua, akasafisha feni, akapaka dawa mpya ya kupoza joto, akagombana na Mzee Salum juu ya feni moja iliyokuwa inakwaruza mpaka ikanunuliwa nyingine. Akairuhusu iwake masaa matano mfululizo akiwa ameishika kwa kiganja. Akasema isiuzwe kwa mtu mwingine. Kuna dereva, alisema, mwenye hasira nyingi, lakini anajua anachokitaka.

Nilimwuliza Mzee Salum alimlipa nini kijana huyo.

"Hakutaka hela," akasema. "Alisema siku ukiinunua, atakuomba umwachie usukani saa moja. Alikuwa nalo gemu hilo kwao, chuoni. Alikuwa anasomea kuchora majengo, kompyuta yake ilikuwa na kadi kubwa." Akafunga daftari. "Mzima yeye?"

Nikasema mzima.

Tumebadilishana laptop mkono kwa mkono. Ile ya fedha aliipenda, alisema maofisa wataigombania. Akanionya nisicheze kwa betri: umeme ukikatika kadi inajipunguza nguvu yenyewe. Alisema hayo aliambiwa na kijana.

Jumamosi, 7 Aprili

Umeme umekuwepo asubuhi yote. Nimejifungia chumbani.

Kila kitu juu kabisa. Picha hamsini na kitu kwa sekunde, hazishuki. Feni zinavuma kama alivyosema. Mvua inatiririka kwenye kioo, wipa zinaifuta, inarudi. Vivuli vya miti vinapita juu ya dashibodi. Na saitimira zote mbili ziko hai. Naona trela langu lote, tairi la mwisho linarusha maji, na barabara niliyoipita.

Nilitegemea furaha.

Nimeendesha masaa mawili. Kwenye mteremko mmoja, pembeni kabisa ya lami, kulikuwa na mtu amesimama. Gemu limemweka tu, mapambo. Nilimpita. Nikamwona kwenye saitimira ya kushoto, amesimama palepale, anakuwa mdogo.

Nimezima.

Niandike. Hakuna atakayesoma. Siku ile kwenye barabara ya Kibondo nilikuwa na simu mkononi. Nilikuwa namjibu mtu jambo lisilo na maana. Mwenye kuni alikuwa pembeni ya barabara. Hakuvuka. Nilipoinua macho nilikuwa nimeshatoka njiani, mimi, nikielekea kwake, nikakata usukani. Yeye ndiye aliyetupa kuni akaja kunishika kichwa mpaka watu walipofika. Mwanamke. Alikuwa akisema neno moja, anarudia rudia, nami nililielewa. Alisema, "Pole, pole," kwa lugha ya mama yangu.

Kwenye kampuni nilisema alivuka. Kwa Koleta nilisema alivuka. Humu niliandika alivuka.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimemwambia Koleta. Yote, mpaka ofisini. Nilichagua saa tisa, kibanda kikiwa kitupu.

Nilidhani atapiga kelele. Alimaliza kupanga vikombe. Akasema, "Nilijua ni wewe. Nilikuwa nangoja uone aibu."

Kisha akasema, "Spesi alikuwa anakufulia zile soksi za kisiki. Ulidhani ni mimi."

Hajanisemesha tena.

Jumapili, 15 Aprili

Koleta amerudi kutoka kambini. Aliondoka jana na basi la Kibondo, na ule mfuko wa rambo. Nilimwomba niende naye. Alinitazama mara moja, akapanda.

Leo amekaa jikoni akimsimulia jirani yetu, mke wa fundi matairi. Alijua nasikia. Spesi yuko salama, amekonda, amesalimia. Ameuliza kama sufuria kubwa lilikwisha zibwa. Dezire, ndilo jina lake kamili, alijiandikisha kurudi Burundi siku ya pili tu. Spesi alimsihi angoje, asikie kwanza habari za waliotangulia. Alikataa. Alisema kambini hakuna umeme wa kutengenezea hata simu moja, na nje ya kambi kuna watu kama mdogo wake Koleta.

Jirani alisema, "Lakini kule alikimbia kitu."

Koleta akasema, "Ndiyo. Alikikimbia."

Msafara ni Alhamisi.

Laptop sijaigusa tangu ile siku.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Nimesimama kwenye kona inapotokea barabara ya Kibondo, chini ya bati la wauza mafuta ya kupima. Msafara umefika saa nne na nusu. Gari la polisi mbele, mabasi manane, malori mawili ya mizigo yenye magodoro na baiskeli.

Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua, yana ukungu. Watu waliufuta kwa viganja watazame nje. Niliangalia kila basi. Nilitafuta miwani. Basi la sita mwanamume mmoja alinitazama muda mrefu, hana miwani, labda aliivua, labda alikuwa anatazama mguu tu. Sikupunga mkono. Sikuona kama nina haki hiyo. Yamekata kona kuelekea Lusahunga, moja baada ya jingine, polepole kwa sababu ya matope.

Nilisimama mpaka wauza mafuta wakaniuliza kama nasubiri usafiri.

Nimerudi kibandani. Vyombo vya chai vilikuwa vimejaa beseni mpaka vinaelea. Nimevuta kigoda cha Spesiyoza, nikakaa, nikaunyoosha mguu wa bandia pembeni usilowe. Nimeanza na vikombe. Maji yalikuwa ya baridi. Koleta alitoka, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilijua yupo, sikuinua uso.

"Masufuria tumia majivu," akasema.

Nimetumia majivu.